Filamu nilizotazama na mama yangu hapa Lindi, nikiwa mtafsiri wake

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naomba kuanzisha uzi huu nieleze filamu nilizozitazama tangu mwezi wa tatu hadi leo na namna kila moja ilivyonigusa. Mimi si mhakiki wala sijasomea mambo ya filamu. Ni mtumishi wa kawaida hapa Lindi mjini, mtu ambaye tangu utotoni hajawahi kuchoka kutazama picha. Nimeona niandike kwa sababu mwaka huu nimezitazama kwa namna ambayo sikuizoea, na jambo hilo limegusa hata zile ninazozihesabu kuwa nzuri.

Mama yangu alikuja kwangu kutoka Masasi kwa matibabu ya macho. Alitolewa mtoto wa jicho, jicho moja kwanza na la pili baada ya wiki kadhaa, kisha akaelezwa kwamba asirudi shamba wala asikae kwenye moshi wa kuni mpaka apone sawasawa. Kwa mtu aliyezoea kuamka alfajiri kwenda kwenye mikorosho yake, amri hiyo ilikuwa nzito, na jioni ndizo zilizomlemea zaidi, kwa kuwa mchana alikuwa na majirani wa kuzungumza nao. Nikaanza kumwekea filamu kwenye kompyuta mpakato, nikiiweka juu ya stuli mbele ya mkeka, naye akiegemea ukuta na khanga yake mabegani.

Mama anajua kusoma. Alijifunza katika madarasa ya elimu ya watu wazima miaka ya sabini, na hadi leo husoma mwenyewe karatasi za chama cha msingi kabla ya kutia sahihi. Lakini maandishi ya chini katika filamu nyingi ni ya Kiingereza, tena hupita upesi. Ilinibidi niwe mtafsiri wake.

Watu wa rika langu watakuwa wameshaelewa mahali nilipojifunzia kazi hiyo. Masasi ya utoto wangu tulikuwa na kibanda umiza chenye mabenchi ya mbao, magunia yaliyotundikwa madirishani ili mwanga usipenye, na jenereta iliyonguruma nyuma ya ukuta wa bati. Tuliingia kutazama mikanda ya Hong Kong na ya Kihindi, lakini sauti tuliyoifuata ilikuwa ya Lufufu, aliyetusimulia kwa Kiswahili kila kilichokuwa kikitokea na mara nyingi hata ambacho hakijatokea. Tulijua steringi ni nani na adui ni nani kabla hawajafungua midomo. Kwa hiyo, nilipokaa kando ya mama jioni ile ya kwanza, nilidhani kazi yangu ni kusema mfululizo bila kumwacha gizani hata kidogo.

Filamu ya kwanza ilikuwa The Boy Who Harnessed the Wind ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor, ambaye pia ameigiza humo kama baba. Inatokana na maisha halisi ya William Kamkwamba, kijana wa Wimbe nchini Malawi, ambaye wakati wa njaa ya mwaka 2001 hadi 2002 aliondolewa shule kwa kukosa ada, akajisomea vitabu vya maktaba ya shule na kutengeneza kinu cha upepo kwa vyuma chakavu. Niliichagua kwa kuamini kwamba mkulima atamwelewa mkulima mwenzake, na wahusika wengi wanazungumza Kichewa, lugha isiyo mbali sana na masikio ya Myao wa Masasi.

Mwanzoni tu wanaonekana watu waliovaa vinyago wakipita mashambani kuelekea msibani. Mama akasema, "Hao ni mapiko." Nikamweleza kwamba kwa Wachewa ngoma hiyo huitwa Gule Wamkulu na kwamba mapiko ni ya Wamakonde. Hakujali jina. Alitaka kujua nani amekufa, kwa sababu kwake ilikuwa wazi kwamba watu wa namna ile hawatembei shambani bila sababu, na alikuwa sahihi. Filamu hiyo imegawanywa katika sehemu, na kila sehemu inafunguliwa kwa neno la Kichewa. Lilipotokea neno Njala, nilifungua mdomo nitafsiri, nikakuta mama ameshatikisa kichwa.

Sehemu ya njaa aliitazama kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwa mtazamaji mwingine. Mimi nilikuwa nikifuata kisa; yeye alikuwa akihesabu chakula. Aliuliza debe zimebaki ngapi, wanakula mara ngapi kwa siku, na kwa nini hawaendi porini. Nilimwambia kwamba miti imekatwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kwao, mwaka wa shida, ming'oko ndiyo iliyowalea watoto, na msitu ukiondoka hata ming'oko huondoka. Sikulifikiria hilo nilipoitazama peke yangu miaka ya nyuma, ingawa filamu yenyewe inaonyesha waziwazi jinsi ukataji wa miti ulivyoleta mafuriko kabla ya ukame.

Kisha tukafika kwenye baiskeli. Kijana anahitaji baiskeli ya baba yake ili aikate na kuifanya sehemu ya kinu, na baiskeli hiyo ni mali pekee yenye thamani iliyobaki nyumbani. Baba anakataa kwa hasira. Nyumbani kwetu Masasi, baiskeli ya marehemu baba, aina ya Phoenix, bado imetundikwa stoo; ndiyo iliyobeba magunia ya korosho hadi ghalani na mifuko ya salfa kutoka mjini kwa miaka mingi, na fremu yake ina alama ya mpira uliofungia mizigo, mahali ambapo rangi imekwisha kabisa na chuma kinang'aa. Baba katika filamu anapokubali hatimaye, mimi nilikuwa nikimweleza mama kwa kirefu kwamba sasa amekubali, kwamba ameelewa, kwamba mwanawe ataweza kuendelea. Mama akaniwekea mkono gotini.

"Nyamaza kwanza, mwanangu. Namwona."

Nilinyamaza, na kwa mara ya kwanza nikautazama uso wa Ejiofor bila kusema neno. Uso ule hauonyeshi mtu aliyeelewa chochote kuhusu umeme. Unaonyesha mtu aliyechoka kumkatalia mtoto wake. Tafsiri yangu ilikuwa ya uongo, na mama aliugundua uongo huo bila kujua Kiingereza.

Mchango wa mwanajukwaa kutoka Newala:

Ndugu, nakushukuru kwa uzi huu, lakini naona unawaonea watafsiri wa vibandani. Bila wao sisi wa vijijini tusingejua filamu ni kitu gani. Babu yangu hakujua kusoma hata jina lake, na alikuwa na uwezo wa kukusimulia mkanda mzima wa karate kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa sababu ya msimulizi. Sasa ukinyamaza, mama atajuaje kinachoendelea? Je, si kumnyima haki yake?

Jibu langu:

Ndugu wa Newala, umesema kweli, na naomba radhi ikiwa maandishi yangu yameonekana kumdharau Lufufu. Siwezi kumdharau mtu aliyenifundisha kupenda filamu. Yeye alikuwa akiwasimulia watu mia moja kwenye kelele za jenereta, wengine wameingia katikati ya picha, wengine wamekaa nyuma ya nguzo wasione kitu, na sauti yake ilikuwa nusu ya tamasha lenyewe. Kazi yangu ni kwa mtu mmoja aliyekaa karibu nami.

Nilichojifunza baada ya jioni ile ni kwamba yapo mambo ambayo mtazamaji asipoambiwa atapotea, na mengine ambayo akiambiwa ataibiwa. Nikawa ninamweleza mama mapema nani ni nani na wanatafuta nini, kisha namtafsiria maneno yanayobadilisha jambo: ahadi, jina, kiasi cha fedha, habari ya kifo. Mtu akilia sisemi kwamba analia. Watu wawili wakitazamana na kunyamaza, nami nanyamaza. Mama asipoelewa huuliza, na maswali yake ndiyo yaliyonifanya niandike uzi huu, kwa sababu mara nyingi sikuwa na majibu.

Mfano mzuri ni Oppenheimer ya mwaka 2023, inayomhusu mwanasayansi aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki. Najua wengi humu wanaipenda, nami niliipenda sana nilipoitazama peke yangu. Si jambo dogo filamu ya saa tatu kuchukua tuzo saba za Oscar. Lakini kuitafsiri ni mateso, kwa kuwa ni watu wanaozungumza vyumbani, miaka yao imechanganywa, na kila mtu ana cheo. Umeme ulikatika mara mbili, na mara ya pili mama akaomba tulale tumalizie kesho yake. Tulipoimaliza aliuliza swali moja tu: watu waliopigiwa bomu hilo wako wapi? Nikamwambia kwamba mwongozaji ameamua kukaa na yule mwanasayansi, kwa hiyo Hiroshima na Nagasaki hazionyeshwi. Akauliza kwa nini tumekaa saa tatu na aliyetengeneza, na hatujakaa hata kidogo na aliyeangukiwa. Nilijaribu kumweleza kwamba yapo mandhari ambamo mwanasayansi anaanza kuwaona waathirika akilini mwake. Hakuridhika, na nikilifikiria vizuri, hata mimi sijaridhika tena.

Atlantique ilikuwa tofauti kabisa. Ni filamu ya mwaka 2019 ya Mati Diop, mwongozaji mwenye asili ya Senegal na Ufaransa, ambaye kwa filamu hiyo alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kushindania tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, na akaondoka na tuzo ya pili kwa ukubwa, ile ya Grand Prix. Kisa chake kiko Dakar. Vijana wanaojenga mnara mkubwa wamekaa miezi bila kulipwa mishahara, wanaamua kupanda mashua usiku kuelekea Hispania, na wasichana wao wanagundua kwamba wamekwenda baada ya kufika kwenye baa ya ufukweni na kuikuta haina mwanaume hata mmoja. Msichana anayeitwa Ada ameachwa na mpenzi wake Souleiman, naye ameshachumbiwa na tajiri asiyempenda.

Jioni hiyo alikuwepo jirani yetu, mama mmoja mtu mzima wa hapa Mikumbi ambaye mume wake alikuwa mvuvi. Alikuja kuleta maji ya moto ya kumkanda mama mgongo akabaki. Filamu hii inaonyesha bahari mara nyingi sana: bahari ya mchana, ya jioni, ya usiku, yenye ukungu, bila mtu wala chombo. Nilikuwa nimeshaanza kuona haya kwa ajili ya wageni wangu, nikidhani watachoka, hadi nikataka kupeleka mbele. Jirani akanizuia. Akasema kwamba mwenye mtu aliyepotelea baharini hana kaburi la kwenda kulitazama, na kwa hiyo huitazama bahari hiyo hiyo. Mama akaitikia kwa sauti ndogo. Mimi nimezaliwa bara, na pamoja na miaka yangu yote hapa Lindi nilikuwa nikiiona bahari kama mandhari ya kupendeza tu.

Baadaye wale vijana wanarudi kwa njia ambayo sitaifafanua sana, kwa heshima ya wale ambao hawajaitazama. Itoshe kusema kwamba wanaingia katika miili ya wasichana usiku na kwenda kwa tajiri wa ujenzi kudai mishahara yao. Nimesoma maoni ya watu wa mbali wanaoiita sehemu hiyo filamu ya kutisha. Kwenye mkeka wetu haikutisha hata kidogo. Wanawake wawili wale walishusha pumzi. Kwao lilikuwa suala la deni: mtu amefanya kazi, hajalipwa, amekufa, na deni halijafa. Mama aliuliza tu ni miezi mingapi hawakulipwa, na alipoona fedha zinatolewa akaridhika. Inanipasa kusema kwamba uhusiano wa Ada na mpelelezi haukunishika sana. Naona kijana yule amepewa kazi kubwa kuliko nafasi aliyotengewa. Lakini bahari ile sijaisahau, na siku hizi nikipita ufukweni jioni nawatazama wanawake wanaosubiri mashua kwa jicho jingine.

Mchango wa mwanajukwaa kutoka Mtwara mjini:

Mkuu, hongera kwa uchambuzi. Huyo Mati Diop ni mtoto wa ukoo wa filamu. Baba yake mdogo au mkubwa alikuwa mwongozaji mashuhuri huko Senegal. Nimesikia ana filamu nyingine inayohusu mali zilizoibwa na wakoloni. Umeiona?

Jibu langu:

Nimeiona, na ndiyo iliyotukalisha macho kuliko zote. Umesema sahihi kuhusu ukoo: Djibril Diop Mambéty, aliyeongoza Touki Bouki ya mwaka 1973, alikuwa ndugu wa baba yake. Filamu unayoiulizia inaitwa Dahomey, ya mwaka 2024, ina urefu wa takriban saa moja na dakika nane, na ilishinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin. Naomba muuweke moyoni mji huo wa Berlin, nitaurudia.

Inafuatilia vitu 26 vya kifalme ambavyo askari wa Ufaransa walivichukua Abomey, makao makuu ya ufalme wa Dahomey ulioko Benin ya leo, mwaka 1892 na ambavyo vilirudishwa Benin mwezi Novemba 2021. Kamera inakaa ndani ya makumbusho ya Paris wakati mafundi wanapovifunga kwenye makasha, na kuna wakati skrini inakuwa nyeusi kabisa, tunasikia sauti ya skrubu zikikazwa juu ya kifuniko, na sisi tumo ndani. Hapo ndipo inapoanza sauti nzito inayozungumza Kifoni, lugha ya huko Benin. Ni sauti ya kitu namba 26, sanamu ya Mfalme Ghezo, anayelalamika kwamba amepewa namba badala ya jina lake.

Mama aliuliza, "Nani anazungumza?" Nikajibu kwamba ni sanamu. Nilitegemea maswali, hayakuja. Alirekebisha khanga yake na kusogea mbele kidogo, kama afanyavyo mtu anapoongea mzee.

Sehemu ya pili ni mdahalo wa wanafunzi wa chuo kikuu cha Abomey-Calavi. Hapo nilifanya kazi kama sijawahi kufanya, kwa kuwa kila mwanafunzi ana hoja yake na wanakatizana. Mmoja anasema kwamba kurudisha vitu 26 kati ya takriban 7,000 ni matusi. Wengine wanaona ni mwanzo. Yupo anayesikitika kwamba anadai urithi wa wazee wake kwa Kifaransa, kwa sababu lugha ya nyumbani hakufundishwa shuleni. Mama alisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza kama hao wote ni waigizaji. Nilipomwambia kwamba ni wanafunzi wa kweli, alifurahi waziwazi.

Sasa nirudi Berlin. Kila mtoto wa Lindi amesikia habari za mjusi wa Tendaguru. Kwa asiyejua: upande wa Mipingo, mwendo wa kilometa zipatazo 60 kutoka hapa mjini, Wajerumani walichimba mifupa ya wanyama wa kale kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, miaka miwili tu baada ya Vita vya Majimaji kumalizika na kuiacha kusini hii na njaa na makaburi. Vibarua walikuwa watu wetu, na msimamizi wao mwenye ujuzi mkubwa alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani. Mizigo ilibebwa vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla, na mjusi mmoja amesimamishwa hadi leo katika makumbusho ya Berlin, akiwa na kimo cha zaidi ya meta 13. Watafiti wanamwita Giraffatitan. Suala la kurudishwa kwake limewahi kufika hata bungeni.

Kwa hiyo, filamu iliyouliza swali la nani mwenye haki ya kukaa na mali ya nani, imepewa tuzo katika mji anakosimama mjusi wetu. Nilimweleza mama jambo hilo baada ya filamu kwisha. Alifikiri, akauliza wale wabebaji walilipwa nini. Nikamwambia sijui kiasi. Akauliza tena, kwa dhati kabisa: ikiwa sanamu ya Wafoni imezungumza Kifoni, je, mifupa ile ikitiwa ndani ya kasha irudishwe, itazungumza Kimwera au itakuwa imeshazoea Kijerumani? Nimelitafakari swali hilo kwa majuma mawili sasa. Nikiwa mtoto niliambiwa tu kwamba ni mali ya utalii iliyokwenda. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza mjusi mwenyewe angesema nini, wala wale waliombeba wangesema nini wangepewa kipaza sauti.

Mchango wa mwanajukwaa wa Newala tena:

Hiyo ni filamu ya makala, ndugu yangu, si filamu. Na kuhusu mjusi, tuwe wakweli: akirudi atawekwa wapi? Jengo liko wapi? Wataalamu wa kumtunza wako wangapi?

Jibu langu:

Hoja ya jengo ni ya haki, na katika Dahomey pia inazungumzwa. Tunaonyeshwa wataalamu wa Benin wakipokea vile vitu, wakivikagua kimoja kimoja na kusoma kwa sauti kila ufa na kila palipomomonyoka. Nilipenda sana mandhari hiyo, kwa sababu inaonyesha kwamba utunzaji ni kazi ya mikono na watu wetu wanaiweza. Kuhusu makala na filamu, mimi sioni ukuta. Sanamu imezungumza usiku ndani ya kasha. Ikiwa hiyo ni makala tu, basi ni makala iliyothubutu kuliko visa vingi vya kubuni nilivyotazama mwaka huu. Tukubaliane kutofautiana hapo.

Niseme sasa juu ya Vuta N'Kuvute, ambayo niliiacha makusudi hadi mwisho. Ni filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, na ilipelekwa na Tanzania kushindania Oscar baada ya nchi kukaa zaidi ya miaka ishirini bila kupeleka filamu yoyote. Kisa kiko Zanzibar ya miaka ya hamsini. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaikimbia ndoa aliyoozwa kwa mzee, anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru, na katikati yao yuko Mwajuma, mwimba taarabu aliyemfungulia Yasmin mlango wake.

Sikuwa na kazi jioni hiyo. Kila neno lilikuwa la Kiswahili, na Kiswahili cha Unguja kilimpendeza mama kiasi kwamba alirudia baadhi ya maneno taratibu, kama mtu anayeonja. Nilikaa kimya kwa saa moja na nusu. Nilikuwa na manung'uniko yangu, kwa kuwa niliisoma riwaya na najua ni mangapi hayakupata nafasi. Siasa za wakati ule zinapita haraka, na msomaji wa kitabu anabaki akitamani mabaraza na mabishano zaidi. Ila rangi za filamu hiyo, mwanga wa taa kwenye kuta za mawe usiku, na namna kamera inavyokaa karibu na sura za watu bila haraka, ni mambo ambayo sijayaona mara nyingi katika filamu zetu.

Ilipokwisha nilimweleza mama kwamba ni kisa cha mapenzi ndani ya harakati za uhuru. Akanikatalia. Akasema kwamba nimemtazama Denge mno. "Huyo Mwajuma ndiye somo yake," akasema. Akanieleza, kwa urefu ambao hajawahi kunieleza jambo lolote la unyago, kwamba msichana anayetoka kwao bila mama na bila shangazi hawezi kusimama mpaka apate mwanamke wa kumshika mkono, amfundishe kuvaa, kuimba, kujibu na kunyamaza. Kwamba mapenzi huja baadaye, na uhuru pia. Kwa macho yake filamu nzima ilikuwa habari ya mwanamke mmoja kumpokea mwenzake. Niliirudia peke yangu usiku uliofuata, nikiwafuata wanawake wale wawili tu, na nikaona filamu nyingine.

Mchango wa mwanajukwaa kutoka Nachingwea:

Kaka, nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo. Mpelekee mama Supa Modo ya Kenya. Ni fupi, haifiki saa moja na robo, na sehemu kubwa ataielewa bila msaada. Tena humo yumo msimulizi wa filamu wa kijijini, kama wale wa vibandani kwetu.

Jibu langu:

Dada, au kaka, nakushukuru. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, naijua na naipenda. Nilitamani nianze nayo. Yule Mike mwenye ukumbi wa video, anayewasimulia watoto filamu kwa sauti yake mwenyewe, ni mtu ninayemfahamu kabisa, kana kwamba walikuja Masasi kumchukua. Lakini ni habari ya mtoto wa miaka tisa, Jo, ambaye ni mgonjwa na hatapona, na mama yake amemtoa hospitali ili akae siku zake nyumbani. Mdogo wangu wa kike alifariki akiwa na umri wa karibu na huo. Mama halitaji jambo hilo. Miezi yote hii nimekuwa nikiiruka filamu hiyo kwenye orodha, na nimejiuliza kama nina haki ya kumchagulia.

Baada ya kusoma mchango wako jana usiku nilimweleza ukweli. Nilimsimulia kisa chote kabla, kuanzia mtoto anavyopenda filamu za mashujaa hadi kijiji kizima kinavyokubaliana kumfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu, na sikumficha ugonjwa. Alisikiliza akiwa anachambua mchele kwenye ungo, bila kuinua kichwa. Nilipomaliza aliuliza kama mama wa huyo mtoto yumo kwenye filamu mpaka mwisho. Nikasema yumo.

Jumamosi anarudi Masasi, kwa kuwa msimu wa kupuliza salfa umekwishaanza na hawezi tena kuwaachia watu mikorosho yake. Akasema tuitazame Ijumaa, nami nisitafsiri kitu mpaka aniulize.